Vitenge Sitini vya Timu ya Korongo

Jordbro, 9 Februari 2025

Mdogo wangu Damian,

Huku tumeamka, tumekula, hakuna aliyelazwa, na theluji imeizika baiskeli ya shemeji yako mpaka usukani. Ephraim anaitazama dirishani siku ya tatu sasa, kama vile itajichimbua yenyewe. Mimi bado nafanya kazi kule kule Farsta kwenye nyumba ya wazee. Wazee wangu wanakuulizia. Kila Jumatatu yule bibi wa chumba cha nne ananiuliza, "Dativa, timu ya mdogo wako wa Uchina imeshinda?" Ninamwambia imeshinda. Sijui kama imeshinda, hujaniambia, lakini ana miaka tisini na mbili na sioni sababu ya kumfungisha.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga! Krismasi tuliongea dakika arobaini, na thelathini na nane ulikuwa unacheka. Baba alitulea Bukoba kwa sheria moja, kwamba jambo zito liandikwe na lipigwe stempu; Mwalimu yule alimwandikia mama barua wakiwa wanalala chumba kimoja. Kwa hiyo kaa chini, naandika.

Damian, kaa chini kweli. Mpwa wako Josefin ameitwa Uchina kucheza mpira! Alikuja wakala mmoja, Anton, mrefu, ana koti la manyoya, akamtazama mechi mbili hapa Haninge, akamletea mkataba. Miaka miwili, nyumba ya bure, mshahara ambao mimi nikiusema kwa sauti naanza kukohoa. Na timu yenyewe ni ipi? Ni Korongo! Timu yako! Niliposoma jina nilikuwa kwenye treni, nikapiga kigelegele, na mama mmoja akahamia behewa lingine.

Sasa sikiliza. Mkataba unatakiwa urudi umesainiwa kabla ya tarehe 31 Mei. Akisaini, anaacha fiziotherapia katikati ya mwaka wa pili, na nafasi ya kurudi haina uhakika. Unajua kwetu mtoto wa dada haondoki nyumbani kabla mjomba hajasema neno. Ephraim amekubali, amesema, "Mjomba wake yumo humo humo ndani ya timu. Akisema ndiyo, ni ndiyo." Na Josefin, ambaye nikimwita aoshe vyombo ananijibu Kiswidi, safari hii amejibu Kiswahili kilichonyooka: "Nasubiri mjomba."

Basi nijibu kwa neno moja tu. Asaini, asisaini?

Na utakuja lini? Miaka tisa, Damian.

Dada yako,
Dativa

&nbsp;

Uchina, 6 Machi 2025

Dada mpendwa,

Barua yako imenikuta mzima, mnene kidogo, na mwenye furaha ya kurusha kofia juu. Josefin! Yule niliyemwona mara ya mwisho akiwa na miaka kumi na moja, anavunja taa ya sebuleni kwa mpira wa soksi! Nimeisoma barua yako dukani kwa sauti, kwa Kiswahili, na watu wote waliokuwemo wakapiga makofi bila kuelewa hata neno moja.

Dada, ungeuona mpira wa huku nilipofika, 2016! Ilikuwa miaka ya pesa. Mwenye timu alikuwa anajenga maghorofa, na timu ikabeba jina la kampuni yake, Majumba ya Furaha. Serikali ilikuwa imesema nchi iwe taifa la mpira, basi kila tajiri akanunua timu kama watu wanavyonunua mwavuli mvua ikianza. Mshambuliaji wetu Mbrazili alipata kwa wiki moja pesa ambazo baba hakuzishika maisha yake yote. Siku moja alinipa saa yake ya dhahabu kwa sababu ilikuwa inamkaba mkono. Mimi, kocha wa viungo na mkalimani, nikawa nasimamia mbio za asubuhi na saa ya Mbrazili!

Halafu shirikisho likasema timu zisiitwe tena majina ya makampuni, tukawa Korongo, jina la ndege aliyekuwa kwenye nembo yetu tangu mwanzo. Halafu likasema mishahara iwekewe kikomo, Mbrazili akaondoka na mbwa wake wawili. Halafu viongozi wa mpira wakaanza kuitwa mmoja mmoja kwenda kujibu maswali ya rushwa, na wengine hawajarudi kukaa kwenye viti vyao. Mambo ni mengi, dada, mpira wa huku hauchoshi.

Kwa sasa niko milimani, kijiji kinaitwa Mawe Saba, kwa muda tu. Huku kuna ligi ya vijiji. Wachezaji wangu ni mchinja nguruwe, walimu wawili, fundi wa pikipiki, na kipa ni muuza samaki, hashindwi kushika kitu kinachoteleza. Zawadi ya bingwa ni fahali! Fahali kabisa, anapitishwa uwanjani na utepe mwekundu, anawatazama wachezaji kwa dharau.

Andika kwa anwani hii ya chini, duka la Bibi Wu anayeuza tofu, ile jibini ya soya. Posta ya mjini ni mbali.

Kuja, nitakuja. Msimu haujaisha tu.

Mdogo wako,
Damian

&nbsp;

Jordbro, 30 Machi 2025

Damian,

Tu wazima, theluji imeondoka, baiskeli imeonekana, na Ephraim ameikuta haina tairi la mbele. Nani anaiba tairi moja?

Barua yako imetuvunja mbavu. Ephraim ameisoma mara mbili, hasa pale pa mwenye timu. Yeye ana kadi ya uanachama ya Hammarby, na huku sheria ni kwamba wanachama ndio wenye sauti kubwa kwenye klabu, basi anajiona tajiri mwenye timu. Anasema, "Huku kwetu hawawezi kubadilisha jina bila mimi kunyoosha mkono." Na mwaka jana alikwenda mkutanoni kweli, akanyoosha mkono, wakapiga kura, akashindwa, akarudi na furaha kama ameshinda.

Sasa habari kubwa. Kamati imeundwa! Kamati ya Kumuaga Josefin. Nilimwambia Agripina wa Tensta tu, kwa siri, msalani kanisani, na kabla sijanawa mikono kulikuwa na mwenyekiti, mweka hazina na mtu wa muziki. Nikawaambia jamani, mtoto hajasaini, mjomba hajasema. Agripina akanijibu, "Mjomba si yumo ndani? Atasema nini zaidi ya ndiyo?" Wameshaagiza sare Kariakoo kwa binamu yake. Vitenge sitini, Damian, vyenye nembo ya Korongo! Nilitoa ile picha yako ya siku za kwanza, umesimama na jezi, kifua mbele. Fundi wa Dar amesema anaichapa kama ilivyo.

Josefin akisikia habari za kamati anaziba masikio anasema, "Mamma, sluta," yaani niache. Lakini nimemwona anajipangia saa sita za mazoezi kwa siku, na vitabu vyake vya misuli vimepata vumbi. Juzi ameniuliza kama kitabu kikubwa cha mifupa kinaweza kuuzwa.

Sasa ndugu yangu, nilikuuliza swali la neno moja. Umenijibu kurasa tatu na neno lenyewe halimo. Umenipiga chenga. Nikupe nafasi nyingine: asaini, asisaini?

Na huko dukani kwa Bibi Wu, kocha wa timu kubwa anapokea barua kwenye duka la tofu kwa nini?

Dativa

&nbsp;

Mawe Saba, 22 Aprili 2025

Dada,

Salamu kwa shemeji, mpe pole ya tairi, mwambie na huku mwizi mmoja aliiba wavu wa goli moja tu. Tunacheza upande mmoja na wavu, upande mwingine refa anatumia akili. Nimepata mafua, nimepona, Bibi Wu amenilisha tangawizi hadi natoka jasho la tangawizi.

Dada, nikuambie lililotokea! Tumeshinda mechi nne mfululizo, basi kijiji cha ng'ambo ya mto kikakata rufaa. Kanuni ya ligi ni kwamba kila aliye kwenye benchi awe mtu wa kijiji hicho. Wakasema, "Huyu kocha wao ni wa kijiji gani? Mtazameni!" Watu wakanitazama, watu elfu nane, na kweli sikuweza kubisha. Afisa wa wilaya akapanda jukwaani. Huyu anaitaka sana ligi hii, kwa sababu watalii wanakuja, wanalala, wanakula, na yeye anapandishwa cheo. Akahutubia dakika ishirini kuhusu maendeleo, halafu akasema kijiji kiamue chenyewe.

Wakakutana, wazee kwa vijana, kwenye ghala la mpunga. Bibi Wu akasimama. Dada, bibi huyu ananifikia kwapani. Akasema, "Nchi nzima imechukua Wabrazili, ikawapa pasi za kusafiria na majina yetu ili wavae jezi ya taifa. Wao wamechukua Wabrazili, sisi tunashindwa kuchukua mgeni mmoja? Huyu anakula kwangu, analala kwangu, anasukuma mkokoteni wangu. Ni Wu." Wakapiga kura. Sasa mimi ni Wu Damian! Nimeandikwa kwenye daftari la ukoo, chini ya mtu aliyekufa mwaka 1911. Tulikula bata wanane siku hiyo.

Kamati! Vitenge! Ah, Agripina. Wasalimie wote. Waambie wasijisumbue mno.

Kuhusu Josefin, mtoto ana kipaji, na maisha ni ya kwake, na mpira ni mpira. Ana umri wa kuamua, na Ephraim ni mtu mwenye busara.

Msimu ukiisha nitakuja, tutaongea vizuri.

Damian

&nbsp;

Jordbro, 14 Mei 2025

Wu Damian,

Huku ni wazima. Baiskeli ina tairi. Basi, hizo ndizo salamu.

Vitenge vimefika, maboksi manne, Agripina amevimwaga sebuleni kwake Tensta na watu wakaja kuvitazama kama mtoto mchanga. Ni vizuri, sitasema uongo. Vya bluu, korongo mweupe ameshika mpira kwa mguu mmoja. Ila fundi alisema atachapa kama ilivyo, na kweli amechapa kama ilivyo. Kumbe ile jezi yako ya zamani ilikuwa na tangazo kifuani! Maandishi ya Kichina na namba ya simu. Sasa korongo wote wana tangazo. Diane, jirani yake Mkongo, ana mwanafunzi Mchina anayepanga kwake, tukamwita asome. Akasoma, akaziba mdomo, akasema imeandikwa: "Majumba ya Furaha. Nunua leo, hamia mwakani. Piga simu." Na namba. Agripina alishajifunga kiunoni, namba imemkaa hapa nyuma kama gari la kampuni.

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Halafu nikamwuliza yule mwanafunzi kama anaijua hiyo kampuni. Akatazama chini. Akasema, "Mama, kila mtu anaijua."

Damian, mimi ndiye niliyekufunga kamba za viatu siku ya kwanza shule. Ukinidanganya huwa unaandika kwa furaha, na ukisema kweli unaandika vibaya. Barua zako mbili ni nzuri mno.

Sijamwambia Josefin ninachowaza. Nikisema mimi, nitakuwa mama mwoga anayemzuia mtoto. Anakungoja wewe. Amemwandikia barua mkuu wa masomo kwamba anaacha, iko kwenye bahasha, iko juu ya friji, haijatumwa. Kila asubuhi napitia pale kuchukua maziwa na naiona. Kalamu ya mkataba iko juu yake. Tarehe 31 ni Jumamosi ya wiki mbili zijazo.

Usinipigie simu. Simuni utacheka. Andika, na utume kwa njia ya haraka, hata uuze saa ya Mbrazili.

Asaini, asisaini?

Dativa

&nbsp;

Mawe Saba, 23 Mei 2025

Asisaini.

Saa ya Mbrazili niliiuza tangu Januari, dada, nikalipa kodi. Hii ya haraka Bibi Wu ndiye aliyenilipia.

Timu haijatulipa tangu Agosti. Novemba walifunga lango. Hawakutufukuza, walisema tupumzike kwa muda. Nilikwenda wiki mbili zaidi, na wachezaji wanne, tunakimbia nje kuzunguka ukuta, mimi na filimbi. Halafu wakabaki wawili. Halafu mlinzi akaniambia kwa upole nisipige filimbi, inamwumiza. Hapa Mawe Saba hakuna aliyenituma. Fundi wa pikipiki alikuwa dereva wa basi letu, hiki ni kijiji chake, akaniambia njoo ule.

Josefin wanamtaka kwa ajili ya karatasi. Sheria inataka klabu iwe na timu ya wanawake ili ipate leseni, basi wanatafuta majina. Nilijua siku ya kwanza niliposoma barua yako. Nilijua, na nikaandika kuhusu fahali.

Wewe uliwaambia wale wazee wa Farsta kwamba timu yangu inashinda. Nilikaa nikawaza, yule bibi wa miaka tisini na mbili, na Ephraim, na Agripina, na mtoto anasema nasubiri mjomba. Niliona aibu. Ndiyo yote. Niliona aibu ya kurudi mikono mitupu, nikakaribia kumweka mtoto wako mahali pangu ili nisiseme.

Mwambie arudi kwenye vitabu. Mwambie mjomba amesema.

Damian

&nbsp;

Jordbro, 16 Juni 2025

Mdogo wangu, mdogo wangu kabisa,

Tu wazima, tu wazima mno, miguu inaniuma kwa kucheza na sauti imenikauka, lakini nianze mwanzo.

Barua yako ilifika Alhamisi tarehe 29. Niliifungua nimesimama mlangoni na viatu. Nikasoma neno la kwanza, na kwa kuwa hukusalimia nikajua ni wewe kweli. Nikampa Josefin. Akaisoma polepole, unajua kusoma Kiswahili kunamtoa jasho, kidole mstari kwa mstari. Alipofika pale pa filimbi alisimama kidogo. Halafu akasema, "Okej." Akachukua ile bahasha juu ya friji akaichana vipande vinne, akaosha vyombo vyote bila kuitwa. Ephraim alitoka bafuni akauliza nani amekufa.

Sikukasirika, Damian. Nilikasirika dakika kumi. Halafu nikalia kwa ajili ya ile filimbi, halafu nikacheka kwa ajili ya mlinzi, halafu nikampigia Agripina kumwambia sherehe haipo. Halafu akasema, "Vitenge vimeshalipiwa. Ukumbi umeshalipiwa. Nyama iko kwenye friza yangu, siwezi kufunga mlango. Sherehe ipo."

Na ilikuwepo, juzi Jumamosi, Tensta! Watu sitini wamevaa korongo na namba ya simu. Diane alifika amechelewa, akauliza, "C'est pour qui, hii fête?" Nikamwambia ni ya mtoto ambaye haendi popote. "Ah bon? Basi tucheze!" Mwenyekiti wa kamati alitoa hotuba akamshukuru Mungu kwa safari isiyokuwepo. Kuna mtu wa Burundi alilia. Yule mwanafunzi Mchina alipewa kitenge, akakivaa kama joho, akapiga picha akamtumia mama yake. Ephraim akapanda kiti akawaeleza wote kwa nini klabu iwe ya wanachama, na kwa mara ya kwanza maishani mwake watu walimsikiliza hadi mwisho.

Katikati ya yote hayo Josefin akanivuta pembeni. Nikajua kuna jambo kwa sababu alianza kwa Kiswahili. Akasema, "Mama, mimi sitaki mkataba. Nataka kumwona mjomba na mchinja nguruwe." Likizo yake inaanza. Viza ameshaomba, nimegundua jana. Tiketi anakata kwa pesa aliyopata kwa kupanga maboksi ghalani hapa Jordbro. Anakuja wiki tatu. Utampokea. Anakuletea vitenge thelathini, vya kwao wengine wamegoma kuvirudisha.

Nina maswali matatu, yote mepesi. Unakula nini? Hivi Bibi Wu amekusamehe nauli ya barua? Na utakuja lini?

Dada yako anayekupenda, na ulijue hilo,
Dativa

NB: Bibi wa chumba cha nne nimemwambia kweli. Kasema mume wake alishabikia timu iliyoshuka daraja mara nane, na alimpenda hivyo hivyo.

&nbsp;

Mawe Saba, 3 Agosti 2025

Dada,

Huku ni wazima, watu na nguruwe. Nguruwe nitamfikia.

Barua yako imenifikia siku mbili baada ya Josefin. Mimi nilikuwa sijui lolote! Niko kwenye mkokoteni wa tofu, simu inalia, sauti inasema, "Mjomba, niko kituo cha treni, kuna milima, uko wapi?" Nilimwaga tofu. Nilikimbia kilomita mbili na miaka yangu arobaini na moja, nikamkuta amekaa juu ya begi kubwa kuliko yeye. Ni mrefu, dada! Ana kidevu cha baba. Nilitaka kumwomba radhi, nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Mei, lakini alinikumbatia akasema, "Ulisema, si ulisema? Basi," na tukapanda mlima.

Jumapili iliyofuata ilikuwa fainali. Sisi wanaume tulifungwa, tatu moja, fahali amekwenda ng'ambo ya mto na dharau zake. Lakini kabla yake hucheza wanawake, na Mawe Saba walikuwa na pengo, mshambuliaji wao amejifungua. Josefin akainua mkono. Ng'ambo ya mto wakakata rufaa kabla hajaushusha! Kanuni, mtu wa kijiji. Afisa akapanda jukwaani, akaanza kuhutubia, na Bibi Wu akamnyang'anya kipaza sauti.

Dada, nimeishi huku miaka tisa na sikuwahi kulitia hili akilini. Kwao pia ndugu wa mama ana jina lake peke yake na kiti chake mezani, na bila yeye neno la mtoto halipiti. Akauliza uwanja mzima, "Damian ni nani?" Wakaitikia, "Wu!" "Na huyu ni mtoto wa nani?" "Wa dada yake!" "Basi mjomba wake ni wa hapa. Mnaweza kumfukuza mtoto wa dada kwenye nyumba ya mjomba?" Watu elfu kumi wakaguna kwa pamoja, hapana. Hata wa ng'ambo ya mto waliguna, na wakaumbuka kuguna.

Jezi zilikuwa hazitoshi. Josefin akafungua begi. Ndani ya nusu saa wale akina mama wameshonewa vizibao vya kitenge kwa mashine ya Bibi Wu, na timu ikaingia uwanjani na korongo kifuani. Watu wakaanza kusoma, maana wao wanasoma. Nunua leo, hamia mwakani. Kukawa kimya, dada, kimya kibaya. Nusu ya kijiji kile wana kijana aliyelipia nyumba ya kampuni ile mjini. Mtoto wa Bibi Wu ni mmoja wao. Ana ghorofa la nane hewani, halina ngazi, na miaka minne sasa analipa mkopo wake. Nikajua tumewatukana watu. Halafu mzee mmoja akatoa simu, akapiga ile namba. Akaiweka kwenye kipaza sauti. Inalia, inalia, inalia, hakuna anayepokea. Mtu mmoja akacheka. Halafu jukwaa zima! Walicheka wakashikana mabega, wanaume wazima wanafuta macho, Bibi Wu amekaa chini kwenye nyasi hawezi kusimama. Na mpira ulipoanza, kila Josefin alipougusa, watu elfu kumi waliimba ile namba kwa pamoja, tarakimu kwa tarakimu!

Alifunga mawili. La pili alimpita kipa na kumsubiri, kisha akaingia na mpira golini akitembea. Tulishinda mbili bila, zawadi ni nguruwe, amefungwa utepe. Josefin akampa jina la yule wakala, Anton.

Sasa maswali yako. Ninakula vizuri, tofu na mboga, na Jumapili nyama. Bibi Wu hakusamehe ile nauli, ninasukuma mkokoteni mpaka Oktoba, tumekubaliana, na kijiji kimesema kiti changu kwenye benchi hakikaliwi na mtu hata nikikaa mbali mwaka mzima. Klabu ya Korongo ilifutwa rasmi mwezi uliopita, nilisoma gazetini, mistari minne. Nilidhani nitalia. Nilimaliza chai.

La tatu. Josefin anaondoka kesho kutwa, anakuletea barua hii kwa mkono, hivyo haitachelewa. Mimi nimekata tiketi ya tarehe 2 Novemba, na nusu ya nauli ni pesa tuliyomwuzia nguruwe, mpwa wangu amenilazimisha. Sina zawadi ya kuwaletea. Nitashuka kwenye treni ya Jordbro na begi moja, na ili Ephraim asipate shida kunitambua baada ya miaka tisa, nitakuwa nimevaa kitenge chenu, na namba.

Msimu umeisha, dada.

Damian